Asiye na Nyongo

Barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
kaka yangu Hatibu walimwita asiye na nyongo.
Umkanyage, yeye ndiye atakayekuomba radhi.
Umdhulumu gololi, atakuongeza na ya mfukoni.
Ilikuwa sifa.
Hatukujua kuwa mtaa ulikuwa unasoma vipimo.

Baba ana bucha.
Alinifundisha ini kabla ya alifu na be:
"Pitisha kidole hapa, polepole, kifuko cha kijani.
Ukikitumbua umeharibu mbuzi mzima."
Nikakua nikiamini nyongo kazi yake ni kukwepwa,
hiyo mkalia ini, adui wa nyumbani.

Hatibu aliharisha utoto wake wote,
si kwa ugonjwa wa kuja na kupita, kwa desturi,
kama mwingine alivyo na sauti nyembamba.
Bibi Mize alimchemshia maganda ya komamanga.
Darasa la tano ukungu ukamwingia machoni.
Mtoto wa jicho, kwa mtoto!
Muuguzi pale Bombo aliigeuza kadi mara mbili
akitafuta ya babu.

Kisha visigino: vivimbe nyuma ya miguu,
vigumu kama kungu zilizokauka.
Fundi Chambuso akamkatia raba madirisha.
Miguu ikaanza kubishana na ardhi,
na mtaa ukabadili lugha:
kalewa huyo. Kachezewa huyo.

Daktari Semboja alichora juu ya bahasha ya picha.
"Ini hupika nyongo kwa lehemu, hatua kwa hatua.
Hapa katikati kuna fundi mmoja, huyu hakuzaliwa naye.
Kazi ikimfikia inalala.
Na ini, halipati habari kwamba nyongo imetosha,
linazidi kuchochea moto.
Kilichopikwa nusu hutafuta pa kukaa:
kwenye kano, kwenye mboni,
kwenye ubongo."

Akaiweka kalamu chini.
"Mlikuwa na udugu kabla ya ndoa?"
Baba akatazama mikono yake.
Mama akasema, "Baba zetu ziwa moja."

Posa ile ilisifiwa hadi Pongwe:
mali haitoki nje.
Kweli, haikutoka.
Kila mmoja alikuja na nusu ya pengo,
kaifunga pindoni, hajui kaifunga.

Na dawa ni nyongo.
Nyongo yenyewe, imetiwa kwenye kidonge,
inakuja kutoka mbali kwa barua na sahihi tatu,
si kuyeyusha kitu, ila kuliambia ini:
basi, zima jiko.
Baba alicheka. Kisha akatafuta kiti.
Miaka thelathini anaitupa mferejini.
"Si ile ya mbuzi, mzee," daktari akamwahi.
Hata hivyo, siku hizi akichinja
hukitoa kile kifuko kikiwa kizima,
hukilaza juu ya kigae,
husimama nacho kidogo kabla ya nzi.

Kuharisha kumekoma. Vivimbe vipo.
Hatua zilizopotea hazijarudi,
na daktari hasemi zitarudi.
Ila juzi, barazani, kijana wa jirani alimvutia kiti,
mzaha ule ule wa miaka,
na Hatibu akasema, "Rudisha."
Mama akaacha kupepeta.
"Rudisha, nimesema."
Najua kidonge hakileti hasira.
Najua. Nilimuuliza daktari.

Mimi nina barua kwenye droo ya bucha,
chini ya kisu kidogo cha kuchunia.
Ni posa, ya mtoto wa ami,
mtu mwema, anayejua kucheka.
Wajumbe wameshapita mara mbili kuulizia.
Nawaambia bado naisoma.
Damu yangu imesafirishwa ndani ya kichupa,
na sijajua
kama nami pindoni nina kitu.