Herufi ya Mia Mbili na Kumi na Moja

Groningen, Januari. Baiskeli ya Wietske
imebeba ndoo ya barafu kavu, inafuka,
na ndani ya ndoo, ndani ya mfuko,
kondo la nyuma la mtoto aliyezaliwa alfajiri.
Mkunga ameandika: Kumi na Nne. Basi.
Mama amelala. Alitia saini karatasi
ambayo kesho hataikumbuka.

Maabara, Wietske anatwanga.
Ndiyo, kinu na mchi, vya kauri,
na naitrojeni inayochemka kwa baridi;
nyama imekuwa jiwe, jiwe linakuwa unga.
Katika unga ule wanasaka ujumbe mmoja tu,
ule unaoiambia seli: kua.

Waliunakili upya kwa DNA,
wakaupachika kwenye kijipete cha bakteria,
na bakteria wakazaana usiku kucha
wakirudufu wasichokielewa,
kama karani anayenakili
barua ya mapenzi ya mtu mwingine.
Sahani mia nne. Madoa laki moja.
Doa moja likaitika.

Kisha kusoma.
Sjoerd anaiweka filamu juu ya kioo chenye taa:
ngazi nne nyeusi, kando kwa kando.
Anapanda kutoka chini, kidato kwa kidato,
kwa sauti ya mtu anayehesabu mbao,
na Wietske anaandika kwa penseli.
A, T, G. Hapo panaanza.

Kwenye ya mia mbili na kumi na moja akanyamaza.
"G," akasema. "Hapana. Mbili. Zimekumbatiana."
"Naona moja."
Na herufi moja si jambo dogo:
ikipungua, kila neno la nyuma yake huhama kitanda,
sentensi nzima hupayuka,
komeo hujifunga kabla wageni hawajaingia.

Wiki tano. Jeli tisa. Mbili zilipasuka,
moja ilivujisha mionzi kwenye kiatu cha Sjoerd;
kiatu kikafungiwa kabatini
na mwenyewe akaenda nyumbani thelujini
mguu mmoja umevaa mfuko wa plastiki.

Jeli ya kumi waliichemsha zaidi.
Mbili.
Sjoerd hakusema "nilikwambia."
Alisema, "Kahawa?"

Sasa ni majira ya tatu ya baridi, mfereji umeganda.
Watoto wanajifunza kuteleza
wakisukuma viti vya jikoni mbele yao,
na Wietske, asiye na mtoto,
anajikuta akimkagua kila mwenye miaka miwili:
ni wewe? Herufi zile ni zako?

Mmoja anaanguka. Goti limechubuka.
Analia, anafutwa, anakishika tena kiti chake.
Chini ya ile damu inayokauka
tayari kuna anayesoma, upesi,
bila taa, bila penseli,
anapita pale petu pa wiki tano
wala hapunguzi mwendo.

Wietske anavua glavu, anatafuta leso.
Baridi, anajiambia. Ni hii baridi.