Wakikaribia

Kila Alhamisi, ghorofa ya tatu Kibokoni,
dadu la nyuso ishirini tulilirusha
ndani ya kifuniko cha mkebe wa bisikuti,
kimetandikwa kitambaa, lisimwamshe bibi wa chini.
Khelef, karani wa forodha mchana,
usiku alikuwa miji, mvua, mazimwi na bei ya kamba;
na alikuwa Mwinyi Sanda,
mchawi aliyekufa akakataa kufa,
mifupa ndani ya joho, pete saba kwenye vidole visivyo nyama.

Tulimuua mara nne.
Mara ya kwanza Katana alimkata shingo,
tukala viazi karai kwa furaha.
Alhamisi ya pili akarudi, joho limepigwa pasi.
Kwani roho yake hakai nayo:
ameitia chomboni, chombo amekificha,
na asiyekivunja hicho anapalilia bahari.

Kusema, alisema kwa shairi.
Khelef alizima feni, akashusha sauti:

    *Kifo mimi kilinicha, kikanipisha njiani,*
    *Roho yangu nimeficha, hapajui hata jini,*
    *Tafuteni hadi kucha, darini na kisimani,*
    *Nyinyi je, mna makucha, ya kunikwaruza ndani?*

Sheria: amjibuye, ajibu kwa vina vyake.
Swabra, mfamasia, alimjibu hata akiwa na homa.
Katana alipungukiwa mizani moja, akapoteza mkono wa kushoto.
Alibisha wiki nzima kwamba ile *m* huhesabiwa.

Miaka miwili tulikitafuta chombo.
Tulivunja mitungi, kasha la shaba, jino la papa,
hata kinanda cha kipofu asiye na hatia.
Khelef alichekea puani:
"Mmekaribia. Wallahi mmekaribia."

Sukari ilianza na kidole cha mguu.
Kitandani Hospitali Kuu, mguu umekwisha kuondoka,
alituuliza zamu ni ya nani.

Tulimzika Kikowani baada ya alasiri.
Nilimtupia udongo mara tatu
na jicho langu, Mungu anisamehe,
likashuka kaburini kusoma namba.

Baada ya arubaini dadake alituletea daftari.
Mbele, meli na makontena.
Nyuma, kwa kalamu ya kijani, Mwinyi Sanda:
majeshi yake, pete zake, chakula alichokipenda alipokuwa hai.
Hatukutaka kutafuta neno *chombo*. Tulitafuta.
Ukurasa ulikuwa na doa la achari
na mstari mmoja:

    *Wakikaribia, hamisha.*

Swabra alicheka mpaka akafunika uso kwa mtandio.
Kumbe siku zote hapakuwa na mahali.
Palikuwa na mtu nyuma ya mkebe wa bisikuti
akiisogeza roho, Alhamisi kwa Alhamisi,
ili turudi.

Tulikaa. Krispi za muhogo zilipoa na ndimu yake.
Kisha Katana akainuka, akazima feni,
akashusha sauti, akaanza kujibu,
akakosa mizani,
na hakuna aliyemkata mkono.