Matawi

Saa kumi na robo alfajiri, Uyole.
Baridi imekalia usukani kabla yangu.
Gwamaka, utingo, anagonga matairi kwa nondo
moja moja, kama daktari na vifua vya watoto,
ishirini na mawili, na la kumi na saba
linajibu kwa sauti ya debe.
"Hili limechoka, bosi."
Hata mimi, namwambia. Panda twende.

Saruji, mifuko mia sita, Iringa.
Kurudi ni mbao za Mafinga, au patupu,
neno ambalo Kyando wa ofisini hataki kulisikia.
Posho nimehesabiwa dirishani:
chakula cha siku mbili, maegesho,
na dharura, elfu tano.
Dharura yenyewe sharti ije na risiti.

Inyala tunashuka na ukungu.
Gia nzito, mguu mbali na breki,
injini inakoroma kama mjomba aliyeshiba.
Halafu, juu ya lami, matawi.

Maandishi haya hayana shule.
Tawi moja: punguza.
Matatu: mwenzio yuko mbele, kimya, hana taa.
Haya ni ya mkaratusi, mabichi, yananukia.
Tukatambaa. Tukachungulia.
Hapakuwa na gari.
Lilishapona likaenda zake,
likaacha barua yake barabarani.

Tulipofika tambarare Gwamaka akasema, simama.
Akarudi kilima kwa miguu, ndala na soksi,
ukungu ukammeza kuanzia kichwani.
Simu. Kyando: "Naona gari halitembei,
dakika kumi na moja. Kuna nini hapo?"
Kuna matawi, nikasema.
Akanyamaza kama mtu anayetafuta
safu ya kuliandika neno hilo.

Gwamaka akarejea na mzigo kwapani, jasho na umande.
"Tawi likisema uongo leo,
kesho nani ataliamini?"
Hakumtaja Lugano, kaka yake,
aliyeyaona matawi akadhani ni ya jana.
Nikawasha gari.
Kabati lote likanuka dawa ya kikohozi.

Makambako, foleni ya mizani.
Ananihadithia mwalimu wao wa Kiswahili,
aliyemchapa kwa shairi lenye vina safi
ila mizani imepelea.
"Angetuona leo! Huku ikizidi ndiyo viboko."
Ekseli ya mbele, mbili za kati, tatu za tela.
Kijana wa dirishani anatazama kioo, hatutazami sisi.
Tumepona kwa kilo tisini,
na matawi yamo humo humo.

Karibu na Nyororo, saa saba,
la kumi na saba likapasuka
kama lililokuwa likingoja jina lake liitwe.
Manyunyu. Jeki inazama kwenye udongo mwekundu,
tunaitilia kipande cha mbao, kinazama nacho.
Pembetatu zetu ziliibwa Tunduma mwezi wa tatu;
ofisi bado inalijadili suala hilo.

Basi Gwamaka akachukua matawi yake,
akapima hatua: thelathini, sitini, mia,
akayalaza kwa adabu, shina likitazama pembeni.
Yalikwisha anza kunyauka
lakini sasa yalikuwa yanasema kweli.
Basi la Songea likapunguza.
Lori la kokoto likapunguza,
dereva akainua vidole viwili juu ya usukani,
na mimi, nikiwa chini ya tela,
nikainua spana.

Saa nzima na dakika zake.
Nati ya mwisho ikakubali.
Nikapanda, nikafuta mikono kwa gazeti, nikawasha.
Kwenye kioo cha pembeni namwona anazidi kuwa mdogo,
anainama, anaokota,
anatembea, anainama tena.
Simu inalia juu ya dashibodi.
Ni Kyando.
Naiacha ilie.
Limebaki tawi moja, lile la mbali.