Uzi Mweupe

Shemeji Ndimyake, ulisimama mpakani
mikono kiunoni, koti umelifunga hadi kidevuni,
ukauliza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya korongo:
"Ndiyo nini hii, kuchana ngano kama nywele?"

Ndiyo. Kama nywele.
Chanuo langu lilichomelewa Mbalizi,
nondo nyembamba, meno arobaini na manne.
Fundi aliuliza kitu hiki kinaitwaje,
nikakosa jina, akaongeza bei.
Songambele kushoto, Waziri kulia,
Atuganile mbele na kamba, peku kwenye umande,
mimi nyuma, nimelipakia chanuo jiwe moja
ili meno yaume,
yasiume sana.

Lakini wewe uliona mara ya pili.
Ya kwanza hukuiona, ulikuwa umelala.
Siku ya sita tangu kupanda nilipiga magoti,
nikafukua kwa kidole kina cha pingili moja.
Ngano ilikuwa bado chini, haijaamua.
Juu yake, karibu na mwanga, kulikuwa na nyuzi.
Nyeupe, laini,
kama uzi unaobaki kwenye shati kifungo kikishadondoka.
Kila uzi ni kishona nguo
ambacho bado hakijajua kushona.

Siku hiyo gugu halihitaji jembe.
Linahitaji kuguswa,
na jua la saa nne.

Na jua lilikuja. Sikufichi, kuna mwaka halikuja.
Machi ya mwaka juzi ukungu ulikaa Santilya siku tisa,
nikachana matope,
magugu yakageukia ubavu wa pili yakaota upya
kama niliyatoa kitaluni kwa mikono yangu.
Mwaka ule ulicheka, na ulikuwa na haki.

Dawa yako siitaki, unajua.
Tangu bomba livuje mgongoni mwangu
ngozi ikamenyeka kama kiazi cha kuchemsha,
nililitundika darini, panya wamelitoboa mpira.

Kabla ya ngano shamba halikukaa uchi.
Tangu Novemba njegere zilitambaa, zikashikana mikono,
chini yake giza, na gizani kongwe haichipui.
Zilipotoa maua nikazifyeka nikazifukia.
Mama mkwe alilia. Kufukia chakula!
Nikamchumia kapu moja la majani laini, akanyamaza,
ingawa hadi leo akipita pale anatikisa kichwa
kama aliyepita kaburi la mtu anayemfahamu.

Basi, hiyo mara ya pili.
Ngano ina majani matatu, mchana, umande umekauka,
majani yamelegea kidogo, hayakatiki.
Nilimwambia Atuganile: vuta, usigeuke nyuma.
Hakugeuka.
Niligeuka mimi.
Ngano yote ilikuwa imelala, udongo machoni,
kama nguo zilizoangushwa kambani na upepo.
Wewe ukapiga mluzi, ukaondoka.
Usiku ule sikulala. Nilihesabu gharama ya mbegu
mara nne, kila mara ikawa kubwa zaidi.

Siku ya tatu ikainuka. Si yote.
Kwenye kona ya juu, ng'ombe walipogeukia,
pana kipara hadi leo.
Na ndago sikuiweza, nakiri,
ina kiazi chake chini, inajiwekea akiba kama sisi,
ukiichana inashukuru.
Hiyo naing'oa kwa mkono, Jumamosi, nikiwa na hasira.

Magunia kumi na moja. Mwaka uliopita, tisa.
Si habari ya kupigia ngoma.

Lakini jana jioni ulikuja kuazima kamba.
Kamba tu, ulisema,
ukasimama bandani muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji,
midomo ikichezacheza,
unahesabu meno.

Yapo arobaini na matatu, shemeji.
Moja lilivunjikia jiweni, karibu na mpaka wako.
Ukiliokota, lilete.
Na uje na Songambele wako mwenyewe,
wa kwangu amechoka.