Peku Tongoni

Leo sina zamu Bombo.
Shekue, baharia, kanitumia picha toka Bama:
mahekalu ya matofali, Buddha kafumba macho,
na miguu yake mwenyewe, peku, imebabuka.
"Hapa viatu huachwa langoni, dada."

Nami nikapanda bodaboda hadi Tongoni.
Mlinzi akanikatia stakabadhi,
akarudi kwenye redio yake.

Nguzo za makaburi zimelala kifudifudi;
moja ina mashimo ya duara
mlimokuwa na mabakuli ya Kichina.
Nikatia kidole: vumbi, yai la mjusi.

Sikuambiwa na mtu.
Nikavua kandambili.
Jiwe la matumbawe, moto kama kikaango.
Nikaipiga picha miguu yangu, nikamtumia.

Akajibu:
"Umefika lini huku?"