Maziwa ya Buluu

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Kiwira
haujaamua kama unashuka au unapanda.
Wanawake wamepanga madumu kwenye benchi,
nami nimeshika kipimo, kile cha kioo,
kinachoelea na kusema kweli
bila kujali nani ni shemeji wa nani.

Nikafunua dumu la Tusubilege.
Maziwa yalikuwa na buluu.
Si buluu ya mlango: buluu ya moshi,
ya kucha za mtu aliyelala nje.
Nikasema, wote wakisikia: Mama, umetia maji.

Hakujibu. Aliitazama mikono yake
kana kwamba ndiyo iliyotajwa.

Kipimo kikaelea palepale panapotakiwa.
Nikakisuta kipimo.
Dumu la pili, buluu. La tatu, la mke wangu, buluu.
Nikachungulia nje: taa ya pikipiki imevaa duara,
na ukungu, mweupe wa siku zote,
umekuwa shati la shule
lililofuliwa pamoja na sketi.

Hapo nikakumbuka.

Duka la dawa, stendi ya Tukuyu.
Niliagiza kwa sauti ya mtu
anayemtafutia ndama dawa ya minyoo.
Kijana akanifungia viwili kwenye gazeti.
Hakuuliza moyo, hakuuliza presha,
nami nikashukuru kwa kutoulizwa.
Kimoja usiku. Cha pili alfajiri,
kwa uchoyo tu,
kama anayerudia mbolea kwenye shimo lilelile.

Tabibu Mwalwisi aliandika bila kucheka.
Buluu hupita, alisema, ni suala la saa.
Lakini jicho likizima ghafla,
hata moja, hata bila maumivu,
usingoje kukuche.
Na kama unaweka kidonge cha kifua chini ya ulimi,
hivi viwili visikutane mwilini mwako.
Kisha akauliza umri wangu, na tangu lini,
na nikajibu, nikitazama kalenda ya chanjo.

Mchana rangi zilirudi, moja moja,
chai ikawa chai, migomba ikawa migomba.
Jioni nikapanda kwa Tusubilege na kilo mbili za sukari.
Nilimwaibisha mbele ya madumu ishirini;
nilimwomba radhi mbele ya kuku.

Maziwa yako yalikuwa mazima, nilisema.

Akaipokea sukari, akaipima kwa mkono.

Na wewe? akauliza.