Shiti Moja

Shiti ya milimita mbili, futi nane kwa nne,
ikifika Newala imeshakula nauli ya lori toka Mtwara,
imekula kuli wa kupandisha na kuli wa kushusha,
na bado grainda haijaigusa.
Ndiyo maana nilipotaja laki tisa na nusu
akina mama wa Kitangari hawakubishana.
Walinyanyuka. Mmoja akakung'uta kanga
kana kwamba bei ile ilikuwa vumbi.
Wakarudi kubangua korosho kwa rungu na jiwe,
mafuta ya ganda yaendelee kuwala vidole.

Mimi nikasema: chuma ghali, nifanyeje?
Somoe, mwanagenzi wangu, hakusema kitu.
Alikaa juu ya tairi, akihesabu.

Kesho yake nikakuta mashine imefunguliwa yote,
imetandazwa sakafuni
kama mbuzi wa sikukuu kabla ya mgao.
"Fundi, bolti zako zina saizi ngapi?"
Nikahesabu. Nne.
"Kwa nini nne?"
Nikafungua mdomo.
Kwa sababu siku ile namba kumi na mbili ziliisha dukani,
nikatia kumi. Mashine ya pili ikaiga ya kwanza,
ya tatu ikaiga ya pili,
mpaka upungufu wa siku moja
ukawa mchoro.

Mama yake ni mshonaji.
Somoe amekua akitazama kitenge kikitandikwa mezani,
kola ikitafutiwa mahali kwenye mabaki ya shingo,
mfuko ukichomoka penye pindo la kwapa.
Basi akakata maboksi ya sabuni kwa vipimo vyangu,
akayapanga juu ya shiti, akageuza hiki, akapindua kile,
akafuta chaki kwa kiwiko, akaanza tena.
Pale nilipozoea kutoa mashine mbili na rundo la chakavu
zikatoka tatu,
na chakavu kikaenea ndoo.

"Hapa umechomelea toka mwanzo hadi mwisho.
Nani anavuta hapa?"
Hakuna anayevuta.
"Basi choma kidogo, ruka, choma kidogo."
Na pale nilipounga vipande viwili, akakunja kimoja.
Luku niliyokuwa nainunua kila Jumanne
ikaanza kunifikisha Ijumaa.

Kisha tukanogewa.
Tukaiona engo ya mgongoni, tukaing'oa.
Elfu kumi na moja! Tukapigana viganja.
Siku ya tisa Bi Fatu Namkoveka akapiga simu:
"Fundi, mashine yako ina homa. Inatetemeka
mpaka korosho zinaruka zenyewe."
Nikapanda bodaboda na rodi begani,
nikakuta mguu umepasuka ufa wa kuingia ukucha.
Petroli, siku nzima, engo mpya:
elfu kumi na moja ile ilitutoka thelathini,
na aibu haina risiti.

Somoe hakujitetea.
Akapiga mstari wa chaki ukutani,
huku akaandika KINACHOBEBA,
huku KINACHOKAA TU,
akaanza kuita vipande kimoja kimoja kwa majina.
Engo ya mgongo: kinachobeba.
Urembo wa bati niliouweka mbele, wenye jina langu: akanitazama.
Mimi nilikuwa nimekaa.
Nikasimama, nikaushika ufagio.

Mwezi wa kumi, korosho zikianza kuingia maghalani,
akina mama wakarudi.
Nikataja laki sita na ishirini, mgongo ukiwepo,
bolti saizi moja, spana moja ndani ya bei.
Safari hii walibisha.
Walibisha mpaka adhuhuri, wakaomba maji, wakabisha tena,
na mimi nikatabasamu kwa siri,
maana anayebishana ameshaingia.
"Itoe na hiyo ishirini," akasema Bi Fatu.

Nikageuka kumtazama Somoe.
Alikuwa ameshapiga magoti,
kichwa chini ya beseni la mashine,
anaitafuta.